Bukari (ugali) ya saa tatu usiku: kisa cha mama muuza unga aliyeacha chakula cha jioni

Mama huyu anauza unga wa mahindi katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo. Ana miaka 46, watoto watano, na mume anayeendesha taksibasi. Alifika kwenye kituo chetu cha afya kwa sababu ya magoti na presha: kilo 94 kwa urefu wa sentimita 162, presha 150 kwa 95. Kabla hatujamwambia lolote kuhusu uzito, alikuwa ameshaanza kujitibu mwenyewe. Wamama wenzake wa kwaya walimpa sharti moja tu: saa kumi na mbili jioni ikishafika, kinywa kifungwe mpaka asubuhi.

Sharti alilishika. Wiki ya kwanza alipungua kilo mbili. Wiki ya sita, mizani yetu ilisoma 93 na nusu.

“Docta,” aliniambia, ingawa mimi ni muuguzi tu na yeye anajua, “nalala na njaa, watoto wanakula mbele ya macho yangu, na kilo zinanirudia. Ni mwili gani huu?”

Ninaandika kisa chake kwa ruhusa yake, jina nimeliacha, kwa sababu sharti hilo limeenea mjini kutoka Katuba hadi Ruashi na linatesa watu bila sababu. Nakutana na wamama wanaolala na njaa mwezi mzima wakiamini kwamba mwili wao una kasoro, na inaniuma kila mara.

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kuiandika siku yake, tangu anapoamka mpaka anapolala, kama ilivyokuwa kabla ya sharti. Anaamka saa kumi alfajiri. Anakunywa chai ya sukari, anakwenda kupokea magunia, mengi yakiwa yameingia kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na saa kumi na mbili na nusu meza yake iko wazi. Saa nne anakunywa chai ya pili na maandazi mawili, wakati mwingine matatu. Saa sita wateja ndio wanajaa, hawezi kuinuka. Saa tisa soko likipoa anakunywa chai ya tatu na andazi lingine. Anafunga jua likizama, anafika nyumbani karibu saa moja na nusu, anawasha mbabula, jiko la makala (mkaa). Saa tatu usiku familia nzima imeizunguka bukari na sombe, yaani kisamvu. Saa nne amelala.

Nilimuuliza kwa nini asipike asubuhi akaenda na chakula sokoni. Akaniangalia kwa huruma. Makala ni ghali, moto wa nyumba unawashwa mara moja kwa siku, na moto huo ni wa jioni watu wote wakiwa nyumbani. Umeme ukija, unakuja saa unayotaka wenyewe. Jibu hilo ni muhimu kuliko vipimo vyote nilivyochukua siku ile. Huyu mtu hakuchagua kula usiku kwa ulafi. Nyumba yake imepangwa hivyo, kama nyumba nyingi za Kamalondo, Kenya na Katuba, na ushauri wowote usioanzia kwenye mbabula ile hautadumu wiki mbili.

Hatua ya pili aliifanya yeye, na aliifanya vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Muuza unga anajua kupima. Jioni moja alipima unga kabla ya kusonga: kilo moja na nusu kwa watu saba. Yeye ndiye anayekata mabonge, kwa hiyo alijua lake linachukua unga kiasi gani: gramu 250 hivi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori karibu 360, basi bonge lake peke yake lilikuwa kalori 900. Halafu mafuta. Kwa kawaida anayamimina kutoka kwenye chupa mpaka sombe ing’ae. Safari hii aliyamimina kwanza kwenye kijiko cha kulia, kijiko baada ya kijiko, na binti yake akihesabu kwa sauti. Vilifika kumi na mbili. Kijiko kimoja cha mafuta ya mawese kina kalori karibu 120, na sehemu yake haikupungua vijiko viwili. Ongeza karanga zilizotwangwa na kipande cha samaki wa kukaanga, mlo ule wa saa tatu ulikuwa unafika kalori 1,500. Chai na maandazi ya mchana vilileta 800 nyingine. Jumla 2,300, na hicho ndicho kiasi ambacho mwanamke wa umri, uzito na kazi yake anatumia kwa siku. Ndiyo maana alikuwa amekaa kwenye kilo 94 muda mrefu, hapandi wala hashuki.

Sasa angalia sharti la saa kumi na mbili lilifanya nini katika siku hiyo. Liliondoa mlo mmoja wa kweli aliokuwa nao. Mwili haukukubali kimya kimya. Saa kumi na moja jioni, akijua kwamba mlango unakaribia kufungwa, alikuwa anajaza tumbo palepale sokoni: maandazi makubwa manne au matano, ambayo moja tu halipungui kalori 150 kwa vile limeogelea kwenye mafuta, kikombe cha karanga za kukaanga, ambazo gramu 100 zinakaribia kalori 600, na soda ya sukari ya kuteremshia. Hesabu tuliyopiga ilitoa kalori 1,400 na zaidi. Bukari na sombe vimetoka, maandazi na karanga vimeingia, na idadi imebaki palepale. Tena usiku alikuwa bado anapika kwa ajili ya watu sita, anaonja chumvi, anaonja tena, anamalizia alichobakiza mtoto wa mwisho. Na Jumapili, baada ya ibada, alikuwa anakula kwa niaba ya wiki nzima.

Basi zile kilo mbili za wiki ya kwanza zilitoka wapi? Alipima asubuhi, baada ya usiku mrefu bila chakula, tumbo likiwa halina mlo wa jana. Hilo peke yake linashusha mizani. Pia mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashika karibu gramu tatu za maji. Siku za kwanza za kujinyima akiba inapungua, maji yanatoka, mizani inashuka haraka. Akiba ikirudi, maji yanarudi nayo. Mafuta ya mwilini yalikuwa hayajaguswa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo moja: “Kumbe nilikuwa nafurahia maji.”

Je, saa yenyewe haina kazi?

Ina kazi, na lazima niseme ukweli wote hapa, maana wapo wanaosema saa haihusiki hata kidogo, kalori ni kalori. Mwaka 2022 watafiti wa hospitali ya Brigham and Women’s, jijini Boston, Marekani, waliwalisha watu 16 wenye uzito uliozidi chakula kilekile kwa kiasi kilekile, awamu moja mapema na awamu nyingine kila mlo ukisogezwa mbele kwa karibu saa nne. Walipochelewa kula, nishati waliyotumia wakiwa macho ilipungua kwa asilimia 5 hivi, yaani kalori kama 60. Leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha, ilishuka. Na uwezekano wa mtu kujisikia na njaa uliongezeka maradufu.

Nilimwekea mama matokeo hayo kwa kipimo cha jikoni kwake. Kalori 60 ni nusu kijiko cha mawese. Hicho ndicho saa iliyochelewa ilikuwa inamnyang’anya moja kwa moja, na yeye alikuwa anapambana nacho kwa kulala na njaa. Lakini njaa iliyoongezeka maradufu ni jambo jingine kabisa. Njaa ile haipimwi kwa nusu kijiko. Ndiyo inayoamua bonge litakatwa la unga gramu 120 au gramu 250, na sombe itaongezwa mara ngapi.

Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliofanyika Aberdeen, Scotland, unaeleza jambo hilohilo kwa upande wa pili. Watu 30 walipewa chakula chao chote na watafiti, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kuongeza sahani. Wiki nne walikula sehemu kubwa asubuhi, wiki nne sehemu kubwa jioni, kalori zikiwa sawa. Walipungua kilo tatu na kitu katika kila kipindi, hakuna tofauti. Kilichotofautiana ni njaa: walipokula vizuri asubuhi, siku yao ilipita kwa utulivu zaidi. Kule Guangzhou, China, matokeo yaliyotolewa pia mwaka 2022 yaliwafuata watu 139 wenye unene kwa mwaka mzima. Wote walipunguziwa kalori, na nusu yao waliruhusiwa kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Waliofungiwa saa walipungua wastani wa kilo 8.0, wenzao kilo 6.3, na kwa hesabu za kitaalamu tofauti hiyo haikutosha kusema kwamba saa ndiyo iliyoileta.

Utafiti ulionigusa zaidi kwa ajili ya mama huyu ni wa zamani kidogo, wa mwaka 2013, kutoka Murcia, Hispania. Watu 420 walikuwa katika mpango wa kupunguza uzito wa wiki 20. Waliokula chakula chao cha mchana baada ya saa tisa walipungua kidogo kuliko waliokula mapema, ingawa kalori walizoripoti zilikaribiana. Utafiti ule uliwatazama watu jinsi walivyoishi, haukuwagawa kwa kura, kwa hiyo hauwezi kuthibitisha sababu. Lakini unaelekeza macho mahali ambapo sharti la kwaya haliangalii kabisa: mchana. Mama wa soko la Kenya hakuwa na chakula cha mchana kilichochelewa. Hakuwa nacho kabisa.

“Basi nile usiku, Docta?”

“Kula, mama. Ila usifike usiku na njaa ya tangu alfajiri.”

Kazi yote iliyofuata ilikuwa juu ya saa saba mchana. Nyuma ya safu yake kuna mama wa malewa, yaani mama lishe, anayepika tangu asubuhi, moto wake unawaka bila kuongeza gharama ya makala nyumbani kwa mtu. Shida ilikuwa meza: nani ataangalia unga? Walikubaliana na jirani yake anayeuza mchele. Huyu anakula saa sita na nusu, yule saa saba, kila mmoja anamlindia mwenzake. Sahani tuliipanga hivi: bukari ndogo, maharagi ya kutosha, na matembele au lengalenga (mchicha). Mama wa malewa aliombwa asimimine mafuta ya juu juu, yale ya kupendezesha sahani. Inafika kalori 600 hivi. Andazi la saa nne likabaki moja. La saa tisa liliondoka lenyewe. Sikumkataza, hakulitamani tena.

Usiku ulihitaji uangalifu wa aina nyingine. Nisingemtoa kwenye meza ya familia yake, na sioni kwa nini mtu yeyote amtoe. Mume anashuka kwenye taksibasi saa mbili, watoto wana habari za shule, ile ndiyo saa pekee watu saba wanaonana. Alichobadilisha ni bonge lake: analikata kwanza, kabla ya mengine, kwa kipimo cha unga gramu 120, ambacho jicho lake lilikizoea haraka. Anaanza na sombe na samaki, bukari inafuata. Mafuta ya chungu yalishuka kutoka vijiko kumi na viwili hadi saba. Karanga hatukuzigusa, kwa sababu sombe bila mafuta na bila karanga hakuna mtoto wa Lubumbashi atakayeila mara mbili. Mume aliuliza siku ya kwanza na ya pili sombe ina nini, siku ya tatu hakuuliza.

Kwa hesabu hiyo siku yake ilishuka mpaka kalori 1,900 hivi, na alikuwa bado anakula baada ya jua kuzama.

Baada ya miezi minne alikuwa na kilo 88. Presha ilisoma 138 kwa 86, lakini katikati alikuwa ameanzishiwa dawa, kwa hiyo sitaupa uzito sifa yote. Magoti anasema yanamruhusu kubeba gunia tena, na mimi nimemwomba asilibebe. Usingizi umerudi.

Hapo kwenye usingizi ndipo saa ilipostahili kuangaliwa yenyewe. Zamani alikuwa anakula saa tatu na kulala saa nne, na alikuwa anaamka usiku na kiungulia kinachopanda mpaka kooni. Mlo mzito unahitaji saa mbili au tatu kabla mtu hajalala chali, kunenepa au kutonenepa hakuingii hapo. Binti mkubwa sasa anawasha mbabula kabla mama hajafika na kutanguliza sombe, ambayo ndiyo inayochukua muda. Wanakula saa mbili na nusu, analala saa nne na nusu. Dakika hizo zimemponya kiungulia. Na mtu asiyelala vizuri huamka na njaa kubwa zaidi, hilo nalo limepimwa mara nyingi, kwa hiyo usingizi wake ninauhesabu kama sehemu ya tiba.

Sukari ya damu nayo inajali saa. Chakula kilekile kikiliwa usiku huipandisha zaidi kuliko kikiliwa asubuhi, hata kwa mtu mzima wa afya, kwa sababu mwili unajiandaa kulala na insulini, homoni inayoshusha sukari, haifanyi kazi kwa nguvu ileile. Mwenye kisukari ana sababu nzuri ya kupunguza mlo wa usiku. Kuufuta ni jambo jingine, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Mdogo wake mama huyu ana kisukari na anatumia vidonge vya glibenklamidi, vinavyoshusha sukari. Alipoona dada yake ameacha kula jioni, naye akaacha, vidonge akaendelea navyo. Usiku mmoja walimkuta ametota jasho la baridi, anaongea maneno yasiyoeleweka. Jirani alimnywesha maji ya sukari haraka, ndiyo yaliyomwokoa. Glibenklamidi na insulini vinashusha sukari iwe umekula au hukula. Anayevitumia asiondoe mlo hata mmoja kabla aliyemwandikia dawa hajapanga upya kipimo.

Watu wa zamu za usiku, walinzi na wafanyakazi wa migodini, sharti la saa kumi na mbili haliwahusu kabisa jinsi lilivyo. Kisa chao kinahitaji kuandikwa peke yake.

Mwezi wa tano tangu tuanze, mama hajashuka. Amesimama kwenye 88, na alikuja amekasirika kidogo, akiuliza kama sasa ni wakati wa kurudia sharti la kwaya. Tulikaa tena na daftari lake. Bonge lilikuwa lilelile, mafuta yaleyale, mchana anakula. Lakini mwili wa kilo 88 unatumia nishati kidogo kuliko wa kilo 94, kwa hiyo pengo tulilofungua limekuwa jembamba. Kitu pekee ambacho hatukuwahi kukigusa ni chai: vikombe vitatu, vijiko vidogo vinne vya sukari kila kikombe. Vijiko kumi na viwili ni gramu 48 hivi, kalori 190 kwa siku. Hizo ni mara tatu ya zile 60 za Boston. Alisema kijiko cha nne yuko tayari kukiacha leo, cha tatu baada ya wiki mbili, na cha pili nisikitaje kwa sasa. Nimeandika hivyo kwenye kadi yake, tutapima tena mwisho wa mwezi.